Pini ya Manyoya Matatu

Leo nimekuja studio na kitu nimekifunga kwenye leso. Fundi mitambo aliponiona nakifungua alidhani nimeleta kipini cha pua cha bibi harusi. Si kipini. Ni pini ya kuchomeka kifuani, kwenye koti au kwenye mtandio, ile ambayo wauza vito wengine huiita bruchi. Haizidi kucha ya kidole gumba changu. Upande wa mbele ina manyoya matatu ya mbuni yaliyochomoza kwenye taji, chini yake utepe wenye maneno mawili ya kigeni, na chini ya utepe tarakimu nne: 1911. Imepiga weusi kama sufuria iliyosahauliwa stoo.

Nitalitaja neno fedha mara nyingi jioni hii, na kila nikilitaja nina maana ya madini, si pesa. Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja, wala haikukosea, maana kwa karne nyingi pesa ilikuwa ndiyo fedha yenyewe, inapimwa kwenye mizani.

Pini si yangu. Ni ya jirani yangu, mama mmoja aliyekaa miaka saba Swansea, kusini mwa Wales, akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Siku anaaga kurudi nyumbani, bibi mmoja aliyekuwa akimwogesha na kumsomea gazeti kila asubuhi alimshika mkono, akamfumbua kiganja, akaiweka pini humo. Akamwambia ni fedha ya Wales, ya zamani. Hakusema zaidi, na sasa hayupo wa kuulizwa.

"Mwanangu," mama akaniambia juzi, "nimekaa nayo miaka kwenye kopo la majani ya chai. Hebu niambie nilipewa nini."

Mimi si sonara. Ila nilikulia Tanga, nyumba ya pili kutoka duka la sonara, na mzee yule alikuwa na tabia moja ambayo imenikaa hadi leo. Mtu akimpelekea kikuku au mkufu, mzee hakutazama nakshi. Alikigeuza kwanza. Alitazama mgongo, akatazama ndani ya kifungo, akatazama pale kiungo kilipochomelewa, ndipo alipokirudisha upande wa mbele na kusema, "Haya, sasa tuone na uzuri wake." Kwa mzee yule, mbele ya pambo ni pa mnunuzi na nyuma ni pa fundi.

Basi niliigeuza pini ya mama.

Nyuma kuna mwiba, yaani ule mchomo unaopita kwenye nguo. Upande mmoja mwiba umeshikwa na bawaba ndogo, na upande wa pili unalala kwenye kulabu iliyo wazi, iliyopinda kama herufi C. Karibu na bawaba kuna alama nne zilizogongwa, kila moja ndani ya kisanduku chake, na zote nne kwa pamoja hazijai kwenye punje ya muhindi. Kwa macho matupu utadhani ni mikwaruzo. Nilibana jichoni kile kioo cha sonara kinachokuza mara kumi, nikaelekeza pini dirishani badala ya kwenye taa, kwa sababu mwanga wa taa unang'aa juu ya fedha ukaficha kila kitu. Alama ya kwanza ni herufi mbili za jina la fundi, moja imesagika. Ya pili ni nanga. Ya tatu ni simba anayetembea ameinua mguu wa mbele. Ya nne ni herufi ndogo, l.

Wazee wetu wana neno zuri kwa vitu hivi: rajamu. Ni chapa ya kutambulisha bidhaa na mwenyewe. Waingereza wana rajamu za fedha tangu mwaka 1300, na wamezipanga kiasi kwamba mtu aliyezizoea anazisoma kama wewe unavyosoma namba ya gari. Simba anakuambia kiwango: katika sehemu 1,000 za madini haya, 925 ni fedha halisi. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, inayotiwa ili pambo liwe gumu, maana fedha tupu ni laini mno na mwiba wa pini ungepinda siku ya kwanza. Simba huyo anagongwa tangu 1544. Akiwepo, na akiwa wa kweli, swali la kama ni fedha limekwisha.

Nanga inakuambia mji ulikopimwa. Na nanga hii ni ya Birmingham.

Hapo mama alikunja uso. "Birmingham si Wales," akasema. "Mimi nimepita Birmingham kwa basi. Kule hata bahari hakuna, nanga ya nini?"

Ameuliza maswali mawili kwa mkupuo, na yote ni mazuri. Nianze na nanga. Hadi katikati ya karne ya 18, mafundi wa Birmingham walikuwa wakitengeneza fedha lakini hawakuwa na ofisi ya kuipima. Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa cha huko, alilazimika kupeleka vyombo vyake Chester, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa magari ya farasi, na vingine vilirudi vimebonyea. Akaenda London kulibana Bunge, akishirikiana na watu wa Sheffield waliokuwa na kilio hichohicho, na mwaka 1773 miji yote miwili ikapewa ofisi zake. Inasimuliwa kwamba watetezi hao walikuwa wakikutania kwenye baa moja ya London iliyoitwa Taji na Nanga, wakarusha sarafu kugawana alama, Sheffield ikapata taji na Birmingham ikaondoka na nanga. Hadithi hii mimi naiamini nusu. Ila nanga ipo mpaka leo, katika mji usio na bahari.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Kama pini imepimwa Birmingham, na yaelekea imetengenezwa hukohuko kwenye mtaa wa masonara, je, yule bibi wa Swansea alidanganyika?

Wales, kwa asiyeiweka vizuri kichwani, ni ile nchi ya Ryan Giggs na Gareth Bale, upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, yenye lugha yake isiyofanana na Kiingereza hata chembe. Stanley, yule aliyepita Zanzibar mwaka 1871 kukusanya wapagazi wa kwenda kumtafuta Livingstone hadi Ujiji, alizaliwa huko, mji wa Denbigh, kwa jina la John Rowlands. Nchi hiyo haijawahi kuwa na ofisi yake ya kupima fedha. Fundi wa kaskazini ya Wales alivuka mpaka akapeleka kazi yake Chester, ambako rajamu ilikuwa miganda mitatu ya ngano na upanga, mpaka ofisi ile ilipofungwa mwaka 1962. Kwa hiyo mtu anayetafuta kwenye pini rajamu ya mji wa Wales atatafuta mpaka macho yamtoke. Haipo. Atakayekuonyesha joka jekundu limegongwa nyuma akakuambia ndiyo chapa rasmi ya kupimia fedha ya Wales, mshukuru, kisha ondoka dukani kwake.

Nilimuuliza mama, "Hiyo kanga uliyojifunga imetoka wapi?" Akasema ya hapahapa. Nikamwambia kanga za bibi zetu zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, na baadaye Japani, na jina la Kiswahili likaandikwa na mtu aliyekaa mwambao akalituma kwa barua. Wachapaji hawakujua hata moja ya maneno yale ya mafumbo. Je, kanga zile zilikuwa za Uholanzi? Mama akacheka. Pini za Wales nazo ni vivyo hivyo. Birmingham ilikuwa ikitengeneza vifungo, beji na pini za kila taifa lenye sherehe. Kilichoifanya pini iwe ya Wales ni wale walioitaka, walioinunua na walioivaa.

Ila maneno "fedha ya Wales" yana maana nyingine pia, na hapa niruhusuni nizunguke kidogo. Katikati ya Wales, eneo la Ceredigion, kulikuwa na migodi ya risasi yenye fedha ndani yake. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza aliamuru kianzishwe kiwanda cha sarafu kwenye ngome ya Aberystwyth ili fedha ile isisafirishwe hadi London. Sarafu za fedha hiyo zilitiwa alama ya manyoya, haya haya ya Mwanamfalme wa Wales, kuonyesha madini yamechimbwa wapi. Hata katika miaka ya 1720 zilitoka shilingi zenye manyoya pamoja na herufi za kampuni ya madini ya Wales iliyotoa fedha yake. Kwa hiyo kwenye shilingi ya wakati ule, manyoya ni cheti cha mgodi. Kwenye pini ya 1911 ni picha tu. Wauzaji wengine huchanganya mambo haya mawili, kwa kutojua au kwa kujua sana, na bei inapanda.

Sasa ile herufi l. Hii ndiyo iliyotukalisha mimi na mama mpaka adhana ya magharibi.

Kila ofisi ya kupima ina herufi ya mwaka. Mwaka ukiisha herufi inabadilishwa, na alfabeti ikiisha wanaanza upya kwa mwandiko mwingine. Birmingham walianza na a ndogo mwaka 1900, wakaruka j, ambayo ilikuwa rahisi kuchanganywa na i. Hesabu mwenyewe kwa vidole: k inaangukia 1909, l inaangukia 1910, m inaangukia 1911. Majedwali yote yaliyochapwa yanasema hivyo. Mama, ambaye hesabu zake si za kuchezea, akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Mbele inasema 1911, nyuma inasema 1910. Mwanangu, hii ni feki."

Nami kwa dakika kumi nzima nilidhani hivyohivyo. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza.

Kisha nikakumbuka kwamba mwaka wa Birmingham haukuanza Januari. Zamani zile herufi ilibadilishwa mwezi Julai. Kwa hiyo l haikuwa ya mwaka 1910 kama tunavyouhesabu sisi, bali ya kuanzia Julai 1910 hadi kiangazi cha 1911. Na sherehe iliyotengenezewa pini hii, ya kumsimika Mwanamfalme wa Wales, ilikuwa lini? Tarehe 13 Julai 1911. Fikiria wewe ni mfanyabiashara. Unataka kuuza pini za sherehe ya tarehe 13 Julai. Utazipeleka kupimwa tarehe 12? Utakuwa umezipeleka mwezi wa nne, wa tano, ziwe madukani na kwenye meza za barabarani kabla wageni hawajashuka kwenye treni. Pini iliyotengenezwa mapema kwa ajili ya siku ile ilistahili kabisa kuwa na l. Kile tulichodhani ni kosa kikageuka kuwa ushahidi wa kumtetea yule bibi. Mtu wa kughushi, akiandika 1911 mbele, angefungua jedwali na kugonga m.

Hata hivyo, msikilizaji, usiufanye mwaka ulioandikwa mbele kuwa hati ya kuzaliwa. Mwambao wetu una somo lake la zamani kuhusu hilo. Reale, zile sarafu kubwa za fedha zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, zilizotumika Zanzibar na Lamu na kuyeyushwa na masonara kuwa vikuku, zote zina mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa kwetu walikataa nyingine yoyote, basi watengenezaji wakaendelea kupiga 1780 kwa karibu miaka 200. Katika karne ya 20 zilipigwa London, Bombay, na ndiyo, Birmingham pia. Mtu mwenye reale sandukuni anaweza kuwa na kitu cha wakati wa Sultani Seyyid Said, au kitu cha umri wa baba yake. Mbele hapatamwambia.

Tumefika sasa kwenye uso wa pini. Nimewachelewesha makusudi.

Manyoya matatu ni alama ya Mwanamfalme wa Wales, na yale maneno mawili kwenye utepe, Ich Dien, wala si Kiwelisi. Ni Kijerumani, maana yake natumikia. Alama hii ilitumiwa na mtoto wa Mfalme Edward wa Tatu, yule aliyekuja kuitwa Mwanamfalme Mweusi, katika karne ya 14. Cheo chenyewe kina historia chungu zaidi. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa mwisho wa Wales huru, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaanza kujenga ngome ya Caernarfon, mawe juu ya mawe, na mwaka 1301 akampa mwanawe mwenyewe cheo cha Mwanamfalme wa Wales. Tangu hapo cheo hicho hupewa mrithi wa kiti cha Uingereza. Sisi tuliotawaliwa tunaielewa habari hii bila mkalimani.

Mwaka 1911 akaja kijana Edward, umri wake miaka 17 na wiki tatu, kusimikwa ndani ya ngome ileile. Aliyelisukuma jambo hili alikuwa David Lloyd George, Mwelisi aliyekulia kwenye Kiwelisi, mlinzi wa heshima wa ngome hiyo, na wakati huohuo Waziri wa Fedha wa Uingereza. Fedha ya aina ile nyingine, nadhani mmenielewa. Alimfundisha kijana sentensi chache za Kiwelisi za kuwahutubia watu. Vifaa vya kusimikia, yaani taji, pete, fimbo na upanga, vilichorwa na mchongaji Goscombe John wa Cardiff, vikatengenezwa kwa kutumia dhahabu iliyochimbwa Wales. Mwanamfalme akavaa dhahabu ya Wales, na wananchi wakavaa fedha ya Birmingham. Kijana mwenyewe aliyachukia mavazi yale ya hariri na manyoya na hakuacha kuyalalamikia hata uzeeni.

Huyu ndiye Edward aliyekuja kwetu kuwinda. Shule moja Nairobi, ambayo leo inaitwa Nairobi School, ilikuwa na jina la cheo chake, Prince of Wales. Naye alikuwa Dodoma, Novemba 1928, zilipomfikia habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, ni mgonjwa mahututi, akakatisha safari. Mwaka 1936 aliupata ufalme na mwaka huohuo akauacha ili amwoe mwanamke aliyempenda. Pini za kusimikwa kwake zikabaki kwenye masanduku ya akina mama wa Wales, na mwenyewe akaishia Ufaransa.

Manyoya peke yake, bila mwaka na bila rajamu, yangetuacha gizani. Yaliwekwa kwenye vitu vya harusi ya mwaka 1863, ya Mwanamfalme wa Wales wa wakati huo, babu wa huyu Edward. Yaliwekwa kwenye beji za majeshi, na askari wa vita vya 1914 waliwanunulia wachumba wao pini ndogo za fedha zenye beji ya kikosi. Hapo tazama tahajia. Kikosi kimoja cha Wales kilipigania kwa miaka jina lake liandikwe kwa c, Welch, badala ya s, na kikakubaliwa rasmi mwaka 1920. Pini yenye manyoya na neno Welsh kwa s, ikiwa ya kikosi hicho, mara nyingi ni ya kabla ya hapo. Jina la mji wa ngome nalo limebadilika mdomoni mwa serikali. Vitu vya 1911 huandika Carnarvon, vingi vya 1969, aliposimikwa Mwanamfalme Charles, huandika Caernarvon, na leo inaandikwa Kiwelisi chenyewe, Caernarfon. Ukikuta pini ya 1911 yenye f hiyo, una haki ya kuinua nyusi. Ya mama haina jina la mji, kwa hiyo kipimo hicho hakikutusaidia.

Si kila Mwelisi angeivaa pini hii kwa furaha, nalo ni jambo la kukumbuka kabla hujaiita pini ya Wales ukaishia hapo. Usiku wa kuamkia kusimikwa kwa Charles, mwaka 1969, wanaume wawili wa kundi la kupinga utawala wa Uingereza walikufa kwa bomu lao wenyewe mjini Abergele. Kwa Mwelisi wa aina hiyo alama ya nchi ni joka jekundu, au kitunguu cha liki kinachovaliwa tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu David. Kwa mshairi ni ile michirizi mitatu kama miale ya jua ya baraza la malenga wao, lililoanzishwa na Iolo Morganwg mwaka 1792, si katika Wales bali kwenye kilima kimoja cha London. Ndiyo, hata hilo. Pini ya fedha yenye miale hiyo ni ya mashindano yao ya mashairi, Eisteddfod, na mimi kama mpenda ushairi ningeipenda kuliko hii. Lakini sikupewa mimi.

Machache ya mkononi, kwa wenye vitu kama hivi. Kulabu iliyo wazi kama ya mama inakubaliana na umri wake. Kifungo kinachozungushwa ili mwiba usichomoke kilienea karne ya 20, kwa hiyo ukikikuta kwenye pini inayodaiwa ni ya 1863, ama kimebadilishwa ama umedanganywa. Sumaku isikutishe ikiunasa mwiba peke yake, maana mwiba huweza kuwa wa chuma kwa ajili ya ugumu. Ikinasa pini yote, hiyo si fedha. Herufi EPNS nyuma maana yake ni kitu cha kuchovya, fedha nyembamba juu ya madini mengine. Namba 925 peke yake, bila simba wala mji, kwa kawaida ni kazi ya karibuni. Na pini isiyo na rajamu yoyote si lazima iwe ya uongo: sheria ya Uingereza hata leo haidai vitu vya fedha vyenye uzito chini ya gramu 7.78 vipimwe, na vingi vya zamani vina neno SILVER tu, au havina kitu.

Mama alitaka kuisugua kabla hajaniletea. Alikuwa ameshaandaa ndimu na majivu, kama alivyofundishwa na mama yake kwa sinia na birika. Nashukuru alinipigia simu kwanza. Tazama simba wa pini hii: mbavu zake bado zinaonekana, lakini ile herufi ya kwanza ya fundi imelika, na haikulika kwa kuvaliwa. Imelika kwa kitambaa cha mtu aliyependa vitu ving'ae. Kwa sababu hiyo hatutalijua jina la fundi. Weusi wa fedha hauili pambo. Kitambaa laini kikavu kinatosha, na upande wa nyuma usiguswe kabisa.

Mwisho aliuliza bei, kwa sauti ya chini kidogo. Nikamwambia ukweli. Pini za siku ile zilitengenezwa kwa wingi ili kila mtu aweze kununua, na uzito wake ni gramu chache tu. Akienda kuiuza hatajenga nyumba, na kwa sonara wa kuyeyusha haitafika hata nauli ya kwenda Tanga. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe bibi hakunidanganya." Hakumdanganya. Ni fedha, ni ya zamani, na ni ya Wales kwa namna ile ile kanga yake ilivyo ya mwambao.

Ninachowaomba, wapenzi wasikilizaji, ni kitu kidogo. Wengi wenu mna ndugu Uingereza, Oman au Marekani, na vitu vya namna hii vinarudi nao masandukuni. Kabla ya ndimu na majivu, kabla ya sonara, kigeuzeni. Nakilini alama za nyuma kwenye karatasi, na chini yake andikeni aliyewapa ni nani na alisema nini. Ya mama tumeshaandika: nanga, simba, l, Swansea, na jina la bibi. Karatasi imo ndani ya kopo la majani ya chai, na pini nairudisha kesho asubuhi.